Usizibe Tundu la Hewa: Vumbi la Kiangazi na Nyumba za Namakwekwe

Mvua zikikatika katikati ya Desemba, Namakwekwe, mtaa wetu wa Mbale, Uganda, hubadilika rangi. Majani ya migomba iliyo kando ya njia huwa mekundu, mabati huwa mekundu, na shuka nyeupe iliyoanikwa asubuhi huanuliwa jioni ikiwa si nyeupe tena. Hapo ndipo utaona jambo linalorudiwa nyumba hadi nyumba: mtu anapanda juu ya kiti, gazeti kuukuu au kipande cha sponji mkononi, anaziba matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha. Wiki ya kwanza anajiona ameshinda, maana meza haishiki vumbi upesi. Baadaye chumba kinakuwa kizito usiku, watoto wanaamka vichwa vikiwauma, pembe za ukuta zinatoa madoa meusi, na kikohozi cha mmoja kinakuwa cha wote.

Shauri la makala hii ni moja, na mengine yote yanalifuata: tundu la hewa husafishwa, halizibwi. Vumbi tulizuie kule linakotoka, na lile litakaloingia tuliokote kwa kitambaa chenye maji pale linapotua. Wazee walituachia methali kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Walisema kweli, ila hawakusema kwamba tundu la hewa ni ufa.

Vumbi hili ni lipi?

Mbale si jangwa. Mvua ya mwaka hupita milimita elfu moja, na Mlima Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba, hauachi kukusanya mawingu. Lakini kati ya Desemba na mwanzo wa Machi, upepo wa kaskazini-mashariki hutufikia ukiwa umeshapita nyika kavu za Turkana na Karamoja. Udongo wetu, ambao wekundu wake ni oksidi ya chuma, hukauka mpaka juu, na magurudumu ya malori na bodaboda huusaga ukawa unga. Mbale na Jinja zilipewa hadhi ya jiji Julai 2020. Kabla ya hapo mradi wa USMID, ulioanza mwaka 2013 kwa fedha za Benki ya Dunia katika miji 14, hii miwili ikiwemo, uliweka lami kwenye baadhi ya barabara za katikati. Mitaani, njia nyingi zimebaki za murramu, na nyumba iliyo kando ya njia hizo hupokea mgao wake kila gari linapopita.

Vumbi hupimwa kwa mikromita, yaani sehemu ya elfu moja ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa mikromita 50 hadi 70 hivi. Punje kubwa hunaswa puani na kooni, ukazipenga au ukazitema. Zilizo chini ya mikromita 10 hupita koo zikashuka. Zilizo chini ya mikromita 2.5 hufika ndani kabisa ya mapafu, na hizo ndizo madaktari wanazoziogopa zaidi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha viwango vyake: wastani wa mwaka wa punje hizo ndogo usizidi mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa, na wa siku moja usizidi 15.

Jambo la kushika hapa ni kwamba vumbi la barabarani, lile jekundu tunaloliona mezani, kwa sehemu kubwa ni punje nene. Punje ndogo zaidi hutoka kwenye kitu kinachoungua: mkaa wa sigiri, kuni, taka zinazochomwa nyuma ya nyumba, dizeli ya lori, taa ya mafuta. Kwa hiyo anayeziba matundu huzuia lile vumbi nene ambalo pua yake ingelikamata, kisha hujifungia pamoja na lile jembamba ambalo pua haiwezi kulikamata. Meza inapona, mapafu yanaumia.

Kujua siku mbaya hakuhitaji mashine. Ukitoka nje asubuhi ukaona ukingo wa mlima wa Wanale ulio juu ya mji umefifia, hali siku nyingine unaweza kuhesabu maporomoko yake ya maji, basi siku hiyo madirisha ya upande wa barabara yafungwe mapema. Mwenye simu ya intaneti ana njia ya pili. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza mwaka 2015, hutengeneza vipima hewa vya bei nafuu na kuvifunga mijini, Jinja ikiwa mojawapo, na vipimo vyake husomeka kwenye programu ya simu.

Tundu lina kazi gani?

Matundu ya juu ya dirisha yaliwekwa pale kwa sababu hewa ya moto hupanda. Pumzi za watu waliolala, mvuke wa maji ya kuoga, harufu ya chakula na moshi wa mshumaa vyote huenda juu, na vikikuta tundu hutoka. Hewa mpya huingia chini ya mlango au kwenye tundu la ukuta wa pili. Chumba cha kupanga chenye watu watano na matundu yaliyozibwa hakina njia hiyo. Vijidudu vya kifua kikuu, ambavyo hutoka kwa mgonjwa anapokohoa, huweza kuelea kwa saa nyingi katika hewa isiyotembea. Unyevu nao hukosa pa kwenda, ukaota kuvu ukutani.

Liko jambo baya zaidi. Usiku wa baridi, au jioni ya mvua, wapo wanaoingiza sigiri ndani ili chumba kipate joto, au ili maharagwe yaendelee kuiva. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Mtu hasikii kwamba anakabwa. Anasinzia tu, na katika chumba kilichozibwa huenda asiamke. Matundu wazi hayahalalishi kulala na sigiri ndani, kwa hiyo sigiri na ibaki nje. Ila ukijumlisha sigiri ya ndani na matundu yaliyozibwa umejichimbia kaburi.

Cha kuziba, basi, ni nyufa: uwazi chini ya mlango unaotazama barabara, kioo kilichopasuka, pengo kati ya fremu ya dirisha na ukuta, nafasi zilizoachwa chini ya mawimbi ya bati mahali ukuta unapokutana na paa. Chini ya mlango weka ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu, au kitambaa kilichokunjwa. Pengo la fremu lijazwe simenti. Nafasi za chini ya bati zizibwe kwa mchanga na simenti, au kwa wavu kama chumba hakina matundu mengine. Hapo utapunguza vumbi, na mbu pia watapungua.

Namna ya kusafisha tundu

Chagua asubuhi mapema, umande ungali uwanjani na upepo haujaamka. Watoto na mwenye pumu watoke. Kitanda kifunikwe kwa shuka kuukuu, chakula na maji ya kunywa viondolewe. Wewe vaa barakoa, jifunge kitambaa kichwani, na kama una miwani ya aina yoyote, ivae. Ngazi ni bora kuliko kiti kilichowekwa juu ya meza.

Kabla ya kugusa kitu, nyunyizia tundu maji kidogo kwa chupa ya kupulizia, ili vumbi lishikane. Kama wavu wa mbu uko kwenye fremu inayotoka, utoe, upeleke nje, uuoshe kwa maji ya sabuni na brashi laini, uuache ukauke. Kama umepigiliwa misumari moja kwa moja, chukua brashi kuukuu ya rangi, iloweshe na kuikamua, kisha safisha kutoka ndani kwenda nje ili uchafu uangukie uani. Malizia na kitambaa chenye maji ukipangusa kingo za tundu. Matofali ya matundu huwa na viota vya matope vya nyigu na tandabui nene. Vichokonoe kwa kijiti kilichofungwa kitambaa. Ukikuta kiota cha ndege chenye makinda, acha mpaka waruke.

Sasa kagua wavu. Tundu linalopitisha ncha ya kalamu linapitisha mbu. Shona kwa uzi wa nailoni au bandika kiraka. Wavu mzuri wa mbu una macho yasiyozidi milimita 1.5, lakini ukinunua wenye macho madogo mno kwa kudhani utazuia vumbi, utaziba baada ya siku chache na hewa itakatika. Ukipata nafasi ya kumtumia fundi seremala, mwambie atengeneze fremu nyepesi ya mbao inayoshikwa na vipande viwili vya kugeuza. Kazi hiyo ni ndogo, na ndiyo itakayoamua kama wavu utaoshwa au hautaoshwa kamwe.

Upande wa barabara safisha kila baada ya wiki mbili wakati wa kiangazi. Pande nyingine mara moja kwa mwezi zinatosha. Mvua zikishika, mara moja kwa msimu.

Mpangaji naye asiseme nyumba si yangu. Wenye nyumba wengi hukubali jambo likiletwa na njia yake: "Hajji, shikamoo. Neti za matundu ya upande wa barabara zimeoza. Waya nitanunua mimi, fundi tukate kwenye kodi ya mwezi ujao, na risiti nitakuletea." Ni vigumu mzee kukataa neno lililokuja na risiti yake.

Juu ya dari

Nyumba nyingi zina dari ya mbao laini au jipsamu, na juu yake kuna ulimwengu mwingine. Vumbi la miaka hukaa huko, na kila mlango ukibamizwa hupenya kwenye viungo vya dari na kushuka. Kama mna mlango wa kupandia, angalieni mara moja kwa mwaka, kabla ya Desemba. Funga kwanza umeme kwenye swichi kuu, kwa sababu panya hula nyaya. Kanyaga mbao za kenchi, usikanyage dari.

Mkikuta kinyesi, kijueni ni cha nani. Cha panya ni kigumu. Cha popo, ukikibonyeza kwa kijiti, huvunjika kuwa unga wenye vipande vinavyong'aa vya mabawa ya wadudu. Kinyesi cha popo kilichorundikana huweza kuotesha kuvu ambao, wakivutwa na pumzi, huleta ugonjwa wa mapafu. Kwa hiyo kisifagiwe kikavu hata siku moja. Kiloweshwe kwa kunyunyizia, kikwanguliwe polepole, kitiwe katika mfuko uliofungwa, na anayefanya kazi hiyo avae barakoa nzito na glavu.

Watu wa upande huu wa mlima wana sababu ya kuogopa popo. Oktoba 2017 ugonjwa wa Marburg ulitokea Kween, ng'ambo ya kaskazini ya Elgon, na mmoja wa waliougua mwanzoni alikuwa mwindaji aliyeishi karibu na pango lenye popo wengi. Popo wanaohusishwa na Marburg ni wakubwa wala matunda wanaokaa mapangoni. Wale wadogo wa darini kwa kawaida hula wadudu, mbu wakiwemo. Hata hivyo popo yeyote asishikwe kwa mkono mtupu, maana huuma. Kuwahamisha hakuhitaji sumu. Simama nje wakati wa magharibi uone wanatokea tundu gani, kisha tundika juu ya tundu hilo kipande cha neti kilichofungwa juu na pembeni, chini kikaachwa wazi. Watateleza wakitoka, wakirudi hawataona mlango. Baada ya siku kadhaa ziba kwa simenti. Kama kuna vitoto visivyoruka, subiri vikue, la sivyo vitaoza humo humo.

Angalizo la pili ni la paa kuukuu. Tororo, mwendo mfupi kutoka hapa, kuliwahi kuwa na kiwanda cha mabati ya asbesto, na baadhi ya nyumba za zamani zingali na mabati hayo: mazito, ya kijivu, yenye mawimbi makubwa. Yakikaa salama hayana haraka. Hatari huanza yanapovunjwa, kutobolewa au kusuguliwa, kwa sababu nyuzi zake huingia mapafuni na kuleta maradhi baada ya miaka mingi, saratani ikiwa mojawapo. Paa la namna hiyo usilipige brashi wala usilifagie. Waulize maofisa wa mazingira wa jiji kabla ya kuligusa.

Kufagia bila kuhamisha vumbi

Ufagio mkavu huinua vumbi ambalo lilikuwa limetulia, likaelea, likarudi kukaa mahali pengine. Punje nene huanguka ndani ya dakika chache, lakini zile ndogo huweza kuelea saa nzima na zaidi hata hewa ikiwa tulivu. Anayefagia kisha akapangusa meza papo hapo atarudia kazi jioni.

Anza juu, malizia chini. Utando wa buibui kwanza, kisha matundu, juu ya kabati, fremu za picha, viti, na mwisho sakafu. Sakafu ya simenti nyunyizia maji kidogo, fagia polepole, kisha piga deki. Tumia maji ya ndoo mbili: moja ya kusuuzia dekio, nyingine safi yenye sabuni. Ukitumia ndoo moja, baada ya chumba cha pili unapaka matope. Mazulia, ya plastiki pia, yatolewe nje yakung'utwe upande ambao upepo unatoka nyumbani. Mapazia mazito ya sebuleni, tunayoyapenda kwa heshima ya wageni, hubeba vumbi zaidi ya kitu chochote ndani. Wakati wa kiangazi yatoe, weka mepesi yanayofuliwa kila wiki.

Kitanda nacho kina vumbi lake. Ndani ya godoro na mito huishi wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, ambao kinyesi chao huamsha pumu. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto, godoro lipigwe jua. Chandarua chenye dawa kikung'utwe nje mara kwa mara, lakini kifuliwe kwa nadra, kwa sabuni ya kawaida isiyo kali, na kianikwe kivulini ili dawa isiondoke.

Feni, viyoyozi na mifereji ya hewa

Feni iliyojaa vumbi hurusha ulichokipangusa asubuhi. Izime, ichomoe. Ile ya darini ina njia rahisi: vesha kila panga foronya kuukuu yenye unyevu, kamata pande zote mbili, vuta. Vumbi lote hubaki ndani ya foronya.

Mwenye kiyoyozi cha ukutani afungue kifuniko cha mbele mara mbili kwa mwezi wakati wa kiangazi, atoe vichujio vya plastiki, avioshe kwa maji yasiyo ya moto na kuvikausha kivulini. Hiyo ni kazi ya nyumbani, haihitaji fundi. Fundi aitwe mara moja au mbili kwa mwaka kuosha sehemu ya ndani na bomba la kutolea maji. Na ajue kwamba kiyoyozi cha aina hii hupoza hewa ile ile ya chumbani, hakileti mpya, kwa hiyo dirisha lifunguliwe kila siku kwa muda. Hata gari lina kichujio cha hewa ya abiria, mara nyingi nyuma ya kisanduku cha mbele ya kiti cha pembeni, na madereva wengi hawajawahi kukiona.

Ndugu zetu walio Muscat, Dubai na Doha wana nyumba za namna nyingine. Kabla ya umeme, mitaa ya zamani ya Dubai ilipozwa na minara ya upepo iliyoshusha hewa hadi vyumbani. Leo hewa hupita katika mifereji ya bati iliyofichwa juu ya dari, na upepo wa shamal ukileta mchanga, vumbi huingia hata huko. Huko ndiko wasafishaji wa mifereji hupita na bei zao, mara nyingi ya chini mlangoni na ya juu kazi ikishaanza. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linasema haijathibitishwa kwamba kusafisha mifereji ya hewa huzuia maradhi, na hulishauri jambo hilo pale tu panapoonekana kuvu ndani ya mfereji, panya au wadudu, au vumbi linalotoka kwenye tundu hadi chumbani. Chama cha wasafishaji wenyewe, NADCA, hutaja kila miaka mitatu hadi mitano. Wewe uliyeko huko badili vichujio kwanza. Ukilazimika kumwita fundi, mwambie akuonyeshe uchafu kabla na baada, akubali kusafisha feni na mitambo ya kupoza pamoja na mifereji, na asipulizie dawa usiyoijua jina lake.

Nyumba ya Namakwekwe haina mfereji wala kichujio cha kiwandani. Ina matundu, wavu na kitambaa chako chenye maji, na kwa bahati hivyo vyote vinaoshwa kwa beseni moja.

Jikoni na uani

Mwaka 2020, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu milioni 3.2 duniani walikufa kwa sababu ya moshi wa kupikia majumbani. Ukiwa na pesa ya kazi moja tu ya ujenzi mwaka huu, ipeleke jikoni: tundu kubwa juu ya ukuta ulio mkabala na mlango, au bomba la kutolea moshi. Mkaa uwashwe nje mpaka moshi wa mwanzo uishe. Kuni zikauke vizuri kabla ya kutumika. Masizi ya ukutani yapanguswe kwa maji ya sabuni, yasikwanguliwe makavu. Mtoto mgongoni mwa mama anayepika huvuta moshi ule ule, basi abebwe na mwingine, au akae nje na dada yake.

Uani, pale magari yanapokaribia, panda ua mnene wa michongoma na uuache uwe kiwango cha kifua hadi kichwa. Majani yake hunasa vumbi na mvua huyaosha. Ardhi tupu ipandwe pasipalumu. Maji yaliyofulia nguo, kabla ya kumwagwa mtaroni, yanyunyiziwe mbele ya nyumba jioni. Taka zisichomwe, hasa plastiki. Na kama njia ni ya wote, jirani kumi wakienda pamoja kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, kuomba matuta ya kupunguza mwendo, watasikika kuliko mmoja anayelalamika kila siku. Gari likipunguza mwendo, vumbi linalonyanyuka hupungua sana.

Saa za kufungua madirisha nazo zina hesabu. Tangu alfajiri hadi saa tatu hivi, umande ungali umelaza vumbi, fungua yote. Jua likipanda na upepo ukashika, funga ya upande wa barabara, acha ya uani na matundu yote. Jioni sigiri zinapowashwa mtaa mzima, moshi hukaa chini. Ngoja upungue, kisha fungua tena ukiwa na wavu dhidi ya mbu.

Jinja mambo yana sura nyingine. Karibu na Ziwa Viktoria, adui wa tundu ni unyevu na wale nzi wadogo wa ziwani wanaokuja kama wingu, wakafa kwa maelfu kwenye wavu na kuoza hapo. Huko wavu upigwe brashi kila mara wanapopita, na kuvu za ukutani zifutwe kwa maji ya sabuni, kisha ukuta ukaushwe vizuri. Kupaka rangi juu ya kuvu ni kuifunika kwa miezi michache tu.

Mvua za kwanza, na watu wa kuangaliwa

Machi mvua zikirudi, vumbi la miezi mitatu liko juu ya bati lako. Mwenye tangi asiruhusu maji ya kwanza kuingia. Kadiri nusu lita hadi lita mbili kwa kila mita mraba ya paa: paa la mita mraba 40 limwage lita 20 hadi 80, yaani jerikeni moja hadi nne. Mifereji ya paa isafishwe kabla. Paneli za sola zioshwe kwa maji matupu asubuhi, kioo kikiwa baridi.

Wapo ambao vumbi kwao si usumbufu tu. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta karibu wakati wote wa kiangazi, na kazi ya kusafisha matundu aachiwe mwingine. Mtoto anayepumua haraka kuliko kawaida, au ambaye kifua chake kinabonyea akivuta pumzi, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kikohozi cha wiki mbili na zaidi, kwa mtu wa umri wowote, kipimwe kifua kikuu; kisipewe jina la vumbi na kuachwa.

Kama haya yote ni mengi, yapange hivi. Leo, ng'oa gazeti na sponji zilizo kwenye matundu na utoe sigiri ndani. Jumamosi, osha wavu na uzibe nyufa za mlango wa barabarani. Mwezi ukiisha, kagua dari na mapazia. Mwaka ukiisha, jenga tundu la moshi jikoni. Hatua mbili za kwanza hazihitaji pesa ya maana, na ndizo zitakazobadilisha hewa unayoilalia.